Jani la Isale kwa Kitindamimba

Nina watoto watatu, na Krismasi iliyopita nilimtukana mmoja mbele ya wakwe.

Binti yangu wa kwanza ni daktari Dar, kaka anayemfuata ana cheo Dodoma. Wamejenga hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, nyumba nzuri za vigae. Desemba zinafunguliwa, Januari zinafungwa. Kitindamimba, wa kiume, alibaki nami. Anakata majani ya ng'ombe, anapalilia kahawa, na nikiwa na kliniki ya presha kule Mawenzi ananipeleka yeye.

Siku ile nilisimama kushukuru. Nikawataja wale wawili, nikasema Mungu amenitendea, nimelea. Mkwe mmoja akauliza, "Na huyu je?" Kijana mwenyewe alikuwa anawamiminia mbege. Nikajibu, "Huyo ndiye aliyenishinda." Wakacheka. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Akatua kibuyu, akaenda zake kwa ng'ombe.

Tangu hapo ni shikamoo asubuhi na maziwa mezani, basi. Miezi mitano. Kazi zote anafanya, neno hanipi. Jamani, kuishi na mtu wa hivyo kunachosha kuliko jembe.

Juzi nikakata jani la isale pale mpakani. Kwetu, ukimpelekea mtu isale kumwomba radhi, hana ruhusa ya kukataa. Mzazi kumpelekea mtoto sijawahi kuona, ila nilikuwa nimechoka. Nilimkuta anakamua. Akanawa, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Ila ulinisema mbele ya watu, na jani umeniletea zizini."

Alisema kweli, na iliniuma. Nikarudi ndani nikampigia simu dada yake. Nikamwambia waje wote, na wale wakwe wawepo, nataka kumwomba mdogo wao radhi mbele yao. Kwanza alidhani naumwa. Nilipomweleza tena, taratibu, akacheka.

"Mama nawe. Yote hayo kwa huyo tu?"

Huyu ndiye niliyesimama kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilitaka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia, maana maneno yale alijifunza kwangu.