Samaki Waliyemwita Mjane

Moshi wa samaki ukinifika puani, hasira hunipanda kabla ya njaa. Ni ule moshi wa kambi ya baba mdogo, ng'ambo ya mto Kilombero, kiangazi nilipokuwa na miaka minane. Wanaume walivua, wanawake walibanika, na desturi ilijulikana na kila mtu: mwanamke anayechochea moto wa chanja, ile tandiko la miti la kukaushia samaki, huchagua samaki wake kwanza, kambale au perege, ndipo tenga lifungwe. Mama alichagua hivyo miaka yote ya uhai wa baba. Baba alipofariki, alirudi kwenye moto uleule, macho mekundu kwa moshi na kwa msiba.

Siku hiyo ya kwanza baada ya matanga, mama alinyoosha mkono kwenye tenga. Baba mdogo akalivuta, akamrushia ngogo, samaki mdogo mwenye miiba mikali, ambaye ukimtoa majini hutoa sauti kama analia. "Shika mwenzio, shemeji," akasema. "Mjane huyo. Kazi yake kulia tu." Kambi ikacheka. Mvuvi mmoja akadakia, "Na kwa miiba hiyo, nani atamgusa tena!" Mama aliinama, akaokota. Msimu mzima tulikula ngogo, na lile jina likavuka mto hadi sokoni Ifakara, watu wakalitumia bila kujua limetoka wapi. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sisi tulidungwa na ndugu, na pole hatukuiona vilevile.

Juzi baba mdogo, sasa mzee, alikuja kwangu Lumemo. Binti yangu, wa darasa la nne, alikuwa ameagizwa shuleni aulize wazee habari za samaki wetu. "Shikamoo, babu. Kwa nini ngogo anaitwa mjane?" Mzee akajikohoza. "Marahaba, mjukuu wangu. Sisi zamani tuliwaheshimu sana wajane. Samaki huyu tuliwatengea wao, hakuna mwingine kumgusa." Mtoto akaandika yote, kwa mwandiko mzuri. Heshima! Mdomo huohuo!

Sikubishana naye. Nilikwenda sokoni, nikanunua ngogo, nikampikia na wali. Miiba sikuitoa hata mmoja. Alipofunua bakuli akashtuka. "Mwanangu, mbona hujatoa miiba?"

"Wa kwako huyo, baba. Nimekutengea. Hakuna mwingine atakayemgusa."

Hakula. Hakucheka pia, na safari hii hapakuwa na kambi ya kumchekea. Kule mtoni nilikuwa mtoto, nikanyamaza. Hapa jiko ni langu na kambale nanunua mwenyewe. Binti yangu, baada ya kunisikia nikisimulia mbele ya mzee yote yaliyotokea, alichukua kifutio. Nikamshika mkono. Usifute, nikamwambia. Acha maneno ya babu yako yabaki hapo, na chini yake andika kwamba mjane huyo wa kwanza alikuwa bibi yako, na jina lake lilikuwa Skolastika.