Majina Kabla ya Wimbo

Siku tuliyomzika Fundi kule Keza nilikuwepo mimi, mpiga gitaa la besi. Alikuwepo mdogo wangu wa gitaa la solo, mdogo wetu wa mwisho ambaye ndiye mwimbaji, na mpiga dramu wetu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwepo mjane, alikuwepo katekista, walikuwepo majirani waliokuja kwa pikipiki kutoka Nyakisasa, na mbuzi mmoja aliyekata kamba. Naanza hivi kwa sababu ndivyo Fundi alivyotuzoesha kuanza.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba niliacha shule mapema, wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu kwa jembe. Ambacho sijawaeleza ni bendi yetu. Tunapiga roki, muziki wa magitaa ya umeme na kelele nyingi, kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, bila mfadhili wala kampuni. Kila tulichotoa alikirekodi Fundi, mtengeneza redio, katika chumba alichoivishia ndizi za pombe, kwa kuwa majani makavu ya migomba yaliyojaa ukutani yaliua mwangwi. Na kabla ya kila wimbo alitaja kwa sauti majina ya wote waliokuwemo chumbani. Mara ya kwanza tulimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, wanangu. Haya, nani na nani wapo?" Kanda ilikuwa inazunguka tayari. Mdogo wetu wa mwisho, bado mtoto mdogo, akasema, "Na mama." Nikamfinya. Mama tulikuwa tumemzika mvua zilizopita. Fundi akasimamisha kanda, nikajua tumeiharibu. Kumbe anairudisha mwanzo. Akamuuliza mtoto mama aliitwa nani, kisha akatutaja upya, na jina la mama katikati yetu, kwa sauti ileile. Tukapiga wimbo ule kama watu ambao nyumba yao imejaa.

Toleo la pili lilikuwa na mbuzi. Alilia nje ya dirisha katikati ya ubeti, tukataka kurudia, Fundi akagoma. "Kwani hakuwepo? Ningejua angeimba ningemtaja." Tukaipeleka kanda sokoni hivyohivyo, tukajiponza. Hadi leo tukipanda jukwaani watu hupiga kelele, "Mbuzi yuko wapi? Bila mbuzi hatuchezi!" Mama mmoja muuza dagaa alituambia usoni, "Nyie mnanguruma kama trekta lililokwama. Mwenye sauti hapo ni mbuzi."

Kanda zikaisha, zikaja sidii, zikaja kadi za kuingiza kwenye simu, na sasa nyimbo zinarushwa mtandaoni. Kijana wa Biharamulo anayeturushia alimshauri Fundi, mwaka wake wa mwisho, "Mzee, kata hayo majina. Watu wa simu hawangoji, wanapita." Fundi akasema, "Waache wapite. Wakirudi watatukuta tupo." Nimelifikiria sana jibu hilo. Mashine zimebadilika zote mikononi mwake, naye hakuzililia hata moja. Alichokataa kubadili ni kimoja tu: kwamba kazi ya watu iseme ni ya nani.

Pale makaburini mdogo wangu wa solo alininong'oneza, "Kaka, bendi imekwisha. Nani atatuwashia mitambo?" Mjane alimsikia. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa kile chumba. "Mitambo mmeitazama miaka yote, mlikuwa mnatazama nini? Ila mje upesi, ndizi zangu haziwangoji." Mpiga dramu akacheka, katekista akamtupia jicho, naye akazidi kucheka hivyohivyo.

Juzi tulikaa kusikiliza matoleo yetu yote ili tujue tuanzie wapi. Mwimbaji wetu ndiye aliyegundua. "Kaka, mbona yeye hajitaji?" Tukarudia kanda, sidii, kila kitu. Mbuzi waliolia katika nyimbo za baadaye wametajwa. Mama yetu yumo. Fundi hayumo hata mara moja. Nimejifunza hapo kwamba anayehesabu watu husahau kujihesabu, na waliohesabiwa wasipokuwa macho, yeye husahaulika kweli. Ndiyo maana sikuliandika jina lake halisi katika safu hii, nikamwita Fundi tu. Linapaswa kusikika kwanza ndani ya chumba kile, kanda ikizunguka, pembeni ya jina la mama, kama la mtu aliyepo. Wimbo tunao, ufunguo tunao. Jina lake bado tunadaiwa.