Diski ya Kwaya Yenye Rekodi Mbili

Nilikuwa mbishi wa stereo. Binadamu ana masikio mawili, nilikuwa nikisema, spika mbili zinamtosha. Anayetaka tano aote kwanza mengine matatu. Maneno hayo niliyatoa kwa kiburi cha fundi, maana natengeneza redio hapa mtaani kwetu Mangobo tangu nimalize shule. Mdogo wangu wa kike alipotuletea kutoka Ubelgiji mashine ya kuchezea diski pamoja na spika zake tano, nilimcheka mbele ya Papa, baba yetu.

Diski yenyewe tulikuwa nayo siku nyingi. Padri mmoja mgeni, mpenda mashine, alirekodi kwaya ya parokia yetu, ile ambayo Papa aliiongoza. Aliwapanga waimbaji duara, maikrofoni katikati. Papa alisimama mbele peke yake. Mama, ambaye aliimba sauti ya pili, Papa alimpeleka nyuma kabisa, upande wa mlango, kwa sababu alimshuku kuwa anaingia kabla ya wakati.

Diski ilipofika tuliisikiliza kwa spika zangu mbili. Ilikuwa safi, sikatai. Lakini kwenye ubeti wa pili, pale sauti ya pili inapoingia, kulikuwa na mtu mmoja mwenye sauti nyembamba aliyewatangulia wenzake kidogo tu. Kwenye stereo kwaya nzima ilibanana mbele yako kama watu kwenye picha ya harusi, na huyo mtu alijificha katikati yao. Papa hakuhitaji kumtafuta.

"Iko mama yenu," alisema. "Nilisemaka."

"Haiko miye," Mama akajibu. "Miye najua pa kuingilia."

Wanakwaya waliokuwa sebuleni walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo sijajisamehe. Mama hakugombana na mtu. Jumapili iliyofuata alikaa na waumini wa kawaida, kitabu cha nyimbo kimefungwa magotini, na tangu hapo hakuimba tena, si kanisani, si nyumbani akitwanga pondu, majani ya muhogo. Alifariki miaka miwili iliyopita akiwa hajarudi kwenye kwaya. Papa alikuwa akimtaja kwa upendo mwingi, lakini kila diski ilipofika ubeti wa pili alitikisa kichwa.

Kumbe nyuma ya jalada kulikuwa na maandishi madogo ambayo mimi, fundi mzima, sikuwahi kuyasoma. Diski ina rekodi mbili: moja ya stereo, nyingine ya spika tano, na hii ya pili haitoki ila kwa mashine yake maalumu. Miaka yote hiyo ilikaa kabatini mwetu, tukaizungusha mara nyingi bila kuisikia. Mdogo wangu aliyasoma kwenye picha niliyomtumia kwa simu, ndipo akaanza kuitafuta mashine.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumapili, baada ya misa, na tulianza kwa kosa la kwetu. Hapa muziki haufungiwi ndani. Ukiwa na spika unaziweka barazani, zinatazama barabara, jirani naye apate. Basi tukazipanga zote tano mstari mmoja kwenye ukingo wa baraza. Ikatoka vurugu, sauti zinakanyagana, na ingawa majirani walipiga makofi mimi nilifurahi kwa sababu zangu.

"Unaona?" nilimwambia mdogo wangu. "Alors, basi, stereo iko muzuri."

"Yaya, umezipanga sawa vile ya matanga," alinijibu, kwa jina la heshima tunaloitana wakubwa. "Ingiza ndani. Kwa hii, mutu anakaa katikati."

Tukaziingiza sebuleni: tatu mbele, mbili nyuma, Papa katikati kwenye kiti chake. Nikabonyeza.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma. Stereo ilikuwa inanionyesha kwaya. Hii ilinitia ndani yake. Nilisikia urefu wa dari ya kanisa. Nilisikia watu wakivuta pumzi kabla ya neno la kwanza, kuume na kushoto kwangu, na nyuma yangu mtu akisogeza mguu kwenye saruji. Hakuna kilichotiwa chumvi, kila mtu alipewa mahali pake tu. Niliuonea aibu ubishi wangu wote.

Ubeti wa pili ukaja. Nyuma, kushoto, upande wa mlango, Mama akaingia. Alikuwa yeye, na ule ukwaruzo wake mdogo mwishoni mwa kila neno. Aliingia palepale panapotakiwa. Ile sauti nyembamba iliyotangulia ilitoka mbele.

"Rudisha," Papa alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Waimbaji wetu wengi hawasomi nota. Kiongozi huwafundisha kwa mdomo, na hata wakati wa kuimba hulionjesha kila kundi mwanzo wake, akibana koo apate sauti ya wanawake, nusu pumzi kabla yao. Papa amefanya hivyo maisha yake yote. Amezoea mpaka hajisikii tena.

Mara ya tatu alininyooshea mkono nisizime. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi, na mimi nilishindwa kumtazama mzee. Papa akasimama taratibu, akakigeuza kiti, akakaa tena, mgongo kwa kwaya yote aliyoiongoza, uso kwa ile spika ya nyuma kushoto.

"Mama ya batoto," alisema, "ilikuwa miye. Unisamehe."

Mama akaendelea kuimba, kila neno kwa wakati wake, mpaka wimbo ukaisha.