Sauti ya Kwanza Ilitoka Mwamapalala

Fundi rangi ndiye aliyenitoa Bariadi. Redio ninayofanyia kazi imejenga studio mpya, na yeye alitaka jina la mwanzilishi aliandike ukutani. Kwangu hilo halikuwa swali: ni Masanja, baba yangu mzazi, aliyeunda mtambo wa kwanza. Nikalitangaza hewani kwa majivuno. Hazikupita dakika tano, msikilizaji akapiga simu: "Mbona mmemsahau Mayu Kabula wa Mwamapalala? Yeye ndiye aliyeanza." Nilipomuuliza baba, alianza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwake. Nikajua hapa pana jambo.

Kesho yake saa moja asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Mwamapalala. Ulikuwa msimu wa pamba, na njia nzima tulipishana na mikokoteni ya ng'ombe iliyosheheni. Udadisi ulinifanya nimhimize dereva, naye akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka, hasa kwenye makorongo ya Itilima.

Mwamapalala, saa tatu. Nilimkuta Mayu Kabula kando ya zizi, akisukasuka maziwa kwenye kibuyu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu Kisukuma, salamu ya asubuhi kwa mama.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanawe. "Wewe ni wa Masanja. Hilo paji la uso silisahau."

Alinipa mtindi kwanza, habari baadaye.

"Baba yako alikuja hapa kutengeneza redio za watu. Akaunda kamtambo kake, kakawa kanasikika vijiji vitatu. Jirani akapotelewa na ng'ombe. Baba yako, mtoto wa mjini, akatangaza: 'Amepotea ng'ombe mwekundu mwenye pembe!'" Akacheka mpaka kibuyu kikamponyoka. "Hadi jioni watu wameswaga ng'ombe wekundu kumi na saba mpaka mlangoni hapa. Na wenye ng'ombe hao wanakuja nyuma na fimbo!"

"Ikawaje?"

"Nikamwambia, toka hapo. Nikakaa mimi. Nikataja rangi ya tumbo, pembe iliyovunjika, sikio lililokatwa, alikunywa maji wapi mara ya mwisho. Kesho yake akapatikana. Ndipo watu wakaanza kuisikiliza."

Alitangaza mifugo iliyopotea kila jioni, misimu miwili, mpaka baba alipopata leseni na kuuhamishia mtambo Bariadi. Nikamwambia jina lake litaandikwa.

"Muandike, msiandike, mimi kusoma sijui. Kinachoniuma ni kimoja. Alifungasha nikiwa machungani. Hakuniaga."

Mtindi ulinishinda kuumaliza. Nilimwonea baba yangu haya kama vile kosa nimelifanya mimi.

Jioni, Bariadi, nilimweleza baba yote. Nilitarajia akatae.

"Ni kweli," alisema. "Niliogopa wakubwa wa mjini watanicheka, kwamba mtangazaji wa redio ni mfugaji asiyejua kusoma. Na ningemuaga, ningeshindwa kumwacha."

Nilikuwa nimekwenda kutafuta redio yetu ilianzia wapi. Nikajifunza kuwa mtambo huanza siku fundi anapouwasha, lakini redio huanza siku watu wanapoiamini, na siku hiyo haikuwa ya baba peke yake.

Asubuhi iliyofuata baba aliamka kabla yangu. Nilimkuta mlangoni, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote.

"Mwambie fundi aandike majina mawili, la Kabula juu," alisema. "Mimi naenda Mwamapalala kuaga."