Shuka Nyeupe ya Bwana Thuku

Bwana Dedan Thuku alikuwa mtu mwema, nami nilifanya naye kazi miaka sita bila kumtupia mkasi, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Alikuja Malindi kutoka Nyeri na kamera moja na shuka moja nyeupe ya kitanda. Kamera aliibadilisha mara mbili. Shuka hakuibadilisha. Aliitundika ukutani mwa studio, akawa anawasimamisha watu mbele yake, wawe wamevaa chochote, na ukimwambia lolote juu ya shuka ile anakujibu kwamba nyeupe ni safi.

Kwake ilikuwa safi kwa sababu si yeye aliyekuwa akikata. Mkataji nilikuwa mimi, Kadzo. Katikati ya miaka ile ya themanini, mtu akitaka kuwekwa picha moja na nduguye aliye mbali, kazi ilikuwa ya wembe, gundi, msasa na macho yangu. Unamkata mtu kwenye karatasi, unamsugua msasa kwa nyuma mpaka ukingo uwe mwembamba, unambandika kwenye picha ya pili, unapaka wino palipoungwa, kisha Bwana Thuku anaipiga picha upya. Ukiacha weupe kidogo tu, mtu wako anazungukwa na mstari kama chumvi iliyokaukia nguoni. Wapishi wa hoteli za Watamu waliotaka kusimama na wake zao walioko bara walikuja na nguo zao nyeupe za kazi, na Bwana Thuku akawasimamisha palepale kwenye shuka. Nilimnunulia kitambaa cha buluu kwa pesa zangu mwenyewe. Akanishukuru sana, akakifanya pazia la chumba cha giza.

Siku moja akaja Harusi, mama wa Kibajuni aliyekaa mtaa wa Shela, pamoja na binti yake Kuluthumu wa miaka mitano. Mumewe, Mahadhi, alikuwa Jidda akiendesha lori tangu mtoto yuko tumboni. Watoto wenziwe Kuluthumu huko chuoni, alikokwenda kusoma Kurani, walikuwa wamemwambia kwamba hana baba, mama yake amemtunga tu. Mtoto amegoma kwenda chuoni, na hiyo ilikuwa wiki ya pili. Alichotaka ni picha ambayo baba amemshika mkono, aende nayo akawaonyeshe.

"Mtoto hata chakula hali vizuri," Harusi alituambia. "Nifanyieni hili, nawaomba."

Akatoa picha ya mume, nami nikatamani kulia. Mahadhi alivaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, akasimama mbele ya ukuta mweupe, mikono ameiweka nyuma. Uso ulionekana, viatu vilionekana, na katikati hapakuwa na mtu.

Harusi alitaka wasimame mlangoni pa nyumba yao. Bwana Thuku akaenda kumpiga mtoto picha mlangoni, nami nikabaki na wembe nikikisia kanzu inaishia wapi. Mara ya kwanza nilikata ndani mno. Harusi aliitazama picha, akasema kwa upole kwamba mumewe si ufito, na mama mkwe akiiona atalia kutwa nzima akidhani mwanawe hapewi chakula huko. Mara ya pili nikaacha nafasi, Mahadhi akatoka kama mtu aliyejifunga godoro. Safari hii Harusi alimpa mtoto aitazame kwanza. Aliyesema ni Kuluthumu.

"Huyu si baba."

Walipoondoka nilimwambia Bwana Thuku yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni miaka sita. Nikamwambia shuka yake na ukuta wa Jidda ni ndugu wa tumbo moja, na kati yao wataniua. Alinisikiliza mpaka mwisho akijikuna kichwa.

"Sasa Kadzo, hiyo nyeupe unaitoa ya nini?" akauliza. "Wacha yote. Huyo mtoto aje asimame hapa kwa shuka."

Nilichukia kwa sababu ilikuwa kweli. Kama pande zote mbili ni nyeupe, sina haja ya kuigusa kanzu. Nakata mbali nayo, katikati ya weupe, naunga weupe na weupe.

Kuluthumu akaja, akasimama mbele ya shuka ameshika kipande cha mpini wa ufagio kana kwamba ni mkono wa mtu, naye Bwana Thuku akamwambia kwamba baba ataingia kwenye karatasi baadaye. Mtoto akakubali bila wasiwasi wowote. Kwa kuwa Mahadhi hakuonyesha mikono, Bwana Thuku aliazima kanzu akaivaa, nikaupiga picha mkono wake umefumba kiganja. Nikaubandika juu ya kile kimkono cha mtoto na ule mpini, mkono wa kanzu moja ukaingia katika kanzu nyingine. Picha mpya ilipokauka niliitafuta mipaka kwa macho na kwa kidole, sikuiona. Kwa wiki nzima Bwana Thuku hakuniacha nipumue kwa kuisifu shuka yake.

Kuluthumu alirudi chuoni na picha yake, na maneno yakaisha. Harusi alituambia kwamba kila asubuhi kabla ya kutoka mtoto hugusa ule mkono kwanza.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, Mahadhi mwenyewe akaingia studio, picha ile ameishika kwapani. Alitusalimu vizuri, akaketi, akatueleza kwamba amefika tangu juzi na binti yake hataki kumpa mkono.

"Amenitazama mikono yangu," akasema. "Asema baba yake ana kucha nyeusi."

Sote watatu tukautazama mkono wa Bwana Thuku juu ya meza. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa dawa za kusafishia picha, tena kwa miaka mingi. Nilijikasirikia mpaka masikio yakaniwaka. Mimi niliyekuwa nikigombana na weupe mwembamba kama unywele, zile kucha zimekaa mbele ya macho yangu nisizione.

Bwana Thuku akaanza kuomba radhi, akaahidi kwamba nitazipaka rangi na picha itatolewa upya. Mahadhi akaivuta picha upande wake.

"Hii msiiguse, ameshaizoea. Nitengenezeni mimi."

Nikachukua brashi yangu ndogo na wino, nikampaka ukucha mmoja mmoja, naye ametulia kama amekaa kwa kinyozi. Nilimwambia wino huo ni wa karatasi, akitawadha utatoka. Akasema atarudi. Alirudi kesho yake na kesho kutwa yake, kila asubuhi kabla ya mtoto kwenda chuoni.

Siku ya nne nilimngoja na wino tayari, hakuja. Nikatoka mlangoni nimejaa hasira, nikijua mambo yameharibika. Nikawaona wanapita upande wa pili wa njia. Kucha za Mahadhi zilikuwa safi kabisa, na Kuluthumu alikuwa ameushika mkono ule akimhadithia kitu, hata hautazami.

Niligeuka nimwite Bwana Thuku aje aone. Alikuwa ameshaona. Alikuwa amesimama mbele ya shuka yake, mikono yote miwili, na kucha zake nyeusi, ameitia mfukoni.