Waliziita Hirizi

Mwanamke aliyekuwa akitengeneza bangili za shaba kule Bilele, mjini Bukoba, amefariki. Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, kutoka kwa mtu aliyenipigia simu na kuanza kwa salamu ndefu za kuulizia watoto na migomba kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Presha, alisema. Alianguka jikoni kwa mama yake, kijijini Kanazi, na gari lilipopatikana alikuwa ameshakata roho. Kisha, kwa sauti ya watu wanaojua kuomboleza vizuri, akaongeza kwamba mji umepoteza mtu aliyekuwa akiwatia wengine moyo. Nikakata simu bila kuaga. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haina tabia ya kugombana na watu walioko msibani. Leo itagombana, na wa kwanza kugombezwa ni mimi ninayeiandika.

Kwa wasiomfahamu, kazi yake ilikuwa hii. Alikata bapa jembamba la shaba, akalipiga tupa kingo zake zisikwaruze, akaligonga maneno machache kwa nyundo na herufi za chuma, herufi moja baada ya nyingine, kisha akalikunja likawa bangili. Maneno hayo aliyaweka upande wa ndani, yakilala kwenye ngozi, ili ayajue mvaaji na aliyemletea tu. Wateja wake walikuwa watu wenye wagonjwa, wajane, watu walioshindwa mitihani au waliotoka gerezani. Nilipomuuliza kwa nini asiyaweke nje yakaonekana, aliniambia kwamba mtu mwenye shida hapaswi kuitembeza shida yake sokoni ndipo afarijiwe.

Mimi nilimwendea kwa ajili ya dada yangu anayeishi Muleba. Alikuwa ametoka hospitali akiwa ameondolewa titi, na hakutaka mtu yeyote azungumzie jambo hilo. Nikamwambia fundi aniandikie "Utapona". Aliweka nyundo chini.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Na mimi siyo. Sasa hiyo 'utapona' tumeitoa wapi sisi wawili?"

Akaniuliza dada yangu anachotewa maji na nani, anapikiwa na nani, na mimi mwenyewe nilikwenda kumwona lini. Nilibabaika, maana nilikuwa na miezi miwili sijafika. "Waitu, kaka yangu," akasema, na hilo "waitu" la heshima la Kihaya alilitamka kwa upole wa mtu anayekaribia kukusema vibaya, "tumaini si kitu cha kumtuma mgonjwa akalitafute. Unampelekea mlangoni. Niambie jambo utakalofanya, nami nitaligonga." Ndivyo bangili ya dada yangu ilivyoandikwa "Jumamosi nakuja", na ndivyo nilivyojikuta nakwenda Muleba kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka mzima, mvua ikinyesha au jua likiwaka, kwa sababu kulikuwa na shaba mkononi mwa mtu inayonidai. Nilimwona pia bwana mmoja akitaka mke wake aandikiwe "Sitakuacha". Fundi alimuuliza tu kama ana uhakika. Yule bwana alikwenda kufikiri wiki nzima, akarudi kuomba maneno mengine.

Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwita mchawi. Nasema "tuliyemwita" kwa makusudi, kwa hiyo asijitoe mtu. Ilianzia Muleba, jirani na soko, kwenye mkutano wa mhubiri mgeni ambaye hakuna aliyemjua alikotoka, ila spika zake zilikuwa kubwa. Alimwita mbele mwanamke mmoja aliyesema halali vizuri, akamwona na bangili, akamvua, akaigeuza. Alipoona herufi kwa ndani aliinyanyua juu na kuuliza: "Kama ni neno jema, kwa nini linajificha?" Umati ukaguna. Likaletwa beseni, na wanawake wakaanza kuvua zao. Jioni hiyo bangili zilitiwa motoni. Shaba haiungui kwa moto wa kuni na mafuta ya taa, ila jina la mtu linaungua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Yule mhubiri hakuisoma. Aliiona ina maandishi, ikamtosha. Na katika umati ule, wenye walimu wastaafu, makarani, wazee wa kanisa na vijana wa vyuo, hakuna hata mmoja aliyesema, "Tusomee basi." Sisi! Watu wa mkoa huu, tunaojisifu kwa shule mbele ya nchi nzima, tunaokumbushana kwenye kila harusi kwamba babu zetu walishika kalamu mapema. Tulikuwa na maandishi mkononi, kwa Kiswahili cha darasa la pili, tukaogopa kuyasoma. Ninajua moja kati ya zilizotiwa motoni siku ile ilikuwa imeandikwa "Ada nimelipa", kwa sababu nilikuwapo ilipogongwa.

Baada ya wiki moja habari ilikuwa imeshafika Bukoba mjini, ikiwa imenenepa njiani. Sasa ilikuwa kwamba shaba inachovywa kwenye damu. Meza yake pale Bilele ikakosa watu. Alichukua bangili zake, akazipeleka Muleba siku ya gulio, akazipanga bila kuzikunja, maandishi yakitazama juu, mtu asome mwenyewe. Watu walipita mbali. Aliyeendelea kuvaa yake mchana kweupe ni jirani yake, mama mmoja Mwislamu mwenye umri mkubwa, aliyekuwa akiwauliza watu: "Kama ni hirizi, mbona magoti bado yananiuma?" Huyo peke yake alikuwa na ujasiri kuliko sisi wote wenye vyeti ukutani.

Dada yangu alinipigia simu akauliza afanye nini na yake, maana majirani wameanza kumtazama mkono. Nikamwambia aiweke kabatini kwanza, mambo yatulie. Akaniambia, "Lakini kaka, si wewe uliyeiandikisha?" Nikasema najua. Hata leo nikiikumbuka simu ile natamani kujificha.

Halafu akaja fundi mwenyewe nyumbani kwangu. Hakulia, wala hakulaumu mtu. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi, akasema: "Wewe unaandika gazetini. Andika kilichomo kwenye bangili ya dada yako. Maneno mawili tu. Wakijua kumbe ni mambo ya Jumamosi watacheka, na watu wakicheka hawachomi tena."

Nilimwambia asubiri, upepo upite.

"Upepo ukipita utapita na meza yangu," akasema, akaenda zake.

Wiki ile niliandika kuhusu mashimo ya barabarani. Nilisifiwa sana kwa ujasiri. Wiki iliyofuata niliandika kuhusu bei ya kahawa, na iliyofuata tena sikumbuki niliandika nini, ila halikuwa hilo. Nilijiambia kwamba nikimtetea nitaonekana napigana na dini, kwamba mhariri hatapenda, kwamba watu watasema na mimi ninazo. Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa kimya cha mwoga, na alikisikia kwa miezi saba, mpaka akafa.

Kwenye mazishi Kanazi watu walijaa mpaka ndani ya migomba. Wasifu wake ulisomwa na mtu mwenye sauti nzuri: mbunifu, mjasiriamali wa mfano, faraja ya wengi. Niliona wanawake waliosafiri kutoka Muleba wakilia kwa kwikwi, na wawili kati yao nilikuwa nimeambiwa kwa hakika kwamba bangili zao walizitupa kwenye beseni kwa mikono yao. Nilitamani kusimama niwaulize wanamlilia nani. Sikusimama. Mtu aliyenyamaza wakati wa kusema hana haki ya kupiga kelele makaburini, ingawa ninyi wasomaji wangu mnaona kwamba ninazipiga hapa.

Tulipomaliza kuzika, mama wa marehemu aliniita ndani. Ni bikizee wa kibanjani, wa kulima migomba yake tu, hakupata kuingia darasani hata siku moja. Alifunga mlango, akatoa kitambaa kilichokuwa kimefungwa mafundo mawili, akafungua. Ilikuwa bangili. Alisema binti yake alimvisha mwaka aliohamishia kazi zake mjini, na kwamba baada ya mkutano wa Muleba wanawake wenzake walimjia hapa hapa wakamwambia avue kabla hajafa. Akaogopa, akavua, akaificha ndani ya chungu cha maharage.

"Wewe umesoma, mwanangu," akasema. "Nisomee. Kama ni mbaya, nijue."

Nikaisogeza dirishani. Herufi zilikuwa wazi kabisa, zimegongwa kwa mkono usio na haraka. Nikamsomea: "Mama, jioni narudi."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kitandani taratibu, akashika kifundo cha mkono wake mtupu.

"Na alikuwa anarudi," akasema. "Kila jioni alikuja akaniona mkono hauna kitu. Hakuniuliza."

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi na nimezoea kuwaachia funzo mwishoni. La leo ni rahisi, kila mmoja wenu alifundishwa akiwa mtoto: soma kabla hujachoma, na kama unajua jema la mtu, liseme angali na masikio ya kulisikia. Likichelewa linakuwa wasifu, na wasifu haumsaidii aliyeandikiwa. Lakini siwezi kuwapa funzo hilo kana kwamba ni langu. Mimi nilijua kusoma, nilijua kuandika, na nilijua kilichokuwa kimeandikwa. Katika wilaya mbili zilizojaa wasomi, mtu pekee aliyewahi kuomba asomewe ni mama asiyejua herufi hata moja, na alipoomba tulikuwa tumeshafukia kaburi.