Madam Wilkista na Ng'ombe Aliyeingia Chai

Huku kwetu kwenye mashamba ya chai juu ya Litein, Kiingereza hupimwa kwa spidi. Mtoto akisimama siku ya wazazi, amalize ukurasa bila kuvuta pumzi na maneno mengine ayapitishie puani, mama yake hutembea wiki nzima kidevu kikiwa juu. Kama mtoto ameelewa kitu, hilo ni kati yake na Mungu.

Madam Wilkista alitoka kando ya ziwa akaja kutuharibia mila. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani, na alishikilia kwamba mtoto lazima aelewe anachosoma. Kila Jumatano, katika kipindi cha kusoma cha gredi yake ya tano, neno jipya halikukaririwa, lilichezwa. Siku ya *trample*, darasa zima lilikanyaga sakafu mpaka gredi ya nne, ng'ambo ya ukuta wa mbao, wakakimbilia nje. Siku ya *sulk*, walifundishwa kununa. Beverly alinuna vizuri hivi kwamba aliendelea hadi nyumbani, na mama yake akaja shuleni kushtaki. Na ukijibu swali la ufahamu, Madam alikuambia, "Onyesha kwa kidole. Imeandikwa wapi?"

Mwalimu mkuu, Bwana Ongeri, alitaka kipindi hicho cha Jumatano kifutwe, watoto wakariri majibu ya mtihani.

"Madam, hii ni shule, si disco ya kukesha matangani. Siku ya wazazi gredi yako itasoma. Wazazi wakilala, kipindi kimekufa."

Siku ikafika. Gredi ya sita wakasoma habari za theluji kwa mwendo wa ambulansi, na makofi yakavuma. Kisha ikaja hadithi aliyoitunga Madam mwenyewe: ng'ombe wa pembe moja anapenya ua wa seng'enge na kuharibu shamba la chai la jirani. Beverly alisoma kwa Kiingereza, polepole. Kila aya ikiisha, mwenzake Kipyegon alieleza kwa Kipsigis, lugha yetu, ili hata nyanya zetu wasiachwe. Viti vya nyuma vikaanza kupiga miayo. Ongeri akatazama saa yake na kutabasamu.

Ndipo Mzee Nicholas akasimama. "Hiyo ng'ombe ni yangu!"

"Mzee, ni hadithi tu," akasema Madam.

"Hadithi gani? Pembe moja! Na mwenye chai si huyo hapo?" Akamnyooshea kidole jirani yake, Mama Rebeccah.

"Kumbe leo umekubali!" Rebeccah akaruka. "Ilikula chai yangu!"

"Tangu lini ng'ombe ikakula majani chai, wewe mama?"

Beverly akamsogezea Rebeccah karatasi ya hadithi. "Pole, Mama. Onyesha kwa kidole. Ni wapi imeandikwa ilikula? Hapa ni *trampled*."

Kipyegon akakanyaga-kanyaga jukwaa ili mama apate maana.

"Sawa, ilikanyaga," Rebeccah akasema. "Na ua alifungua nani, kama si huyu mzee mvivu?"

Ukumbi ukalipuka. Wengine walimtetea mzee, wengine mama, na waliokuwa wamelala waliuliza wenzao wamekosa nini. Kipyegon alingoja watulie.

"Aliyefungua hajatajwa. Lakini hapa chini wanasema jirani alikuwa anaanika nguo kwa waya mpya." Akawatazama. "Sasa, hiyo waya ilitoka wapi?"

Watu walifikiri mpaka ungesikia. Kisha vichwa vyote vikageuka polepole.

"Waya yangu nilinunua sokoni Kapkatet!" Rebeccah akapiga kelele.

"Na nani amekuuliza?" Mzee Nicholas akajibu kwa upole wa pasta.

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Ongeri akapanda jukwaani kuokoa ajenda. "Wazazi, turudi kwa mambo ya maana. Kuhusu hiki kipindi cha Jumatano..."

"Kaa chini, mwalimu, wamalize!" wakamkemea.

"Kipindi hakiondoki," Rebeccah akaongeza, "mpaka nijue hiyo karatasi inasema nini ingine juu yangu. Na Jumatano nakuja kukaa huko nyuma, nisikie mwenyewe."

"Mimi pia," akasema Nicholas. "Huyu hawezi kusikia peke yake."

Mikono ikainuka kila upande. Ongeri, ambaye hajawahi kushindana na upepo, alisafisha koo, akawashukuru wazazi kwa kuunga mkono kipindi ambacho, alisema, amekipigania tangu siku ya kwanza.

Madam Wilkista alinuna.